Damu ya friji haijafa

Jana usiku tena. Mzee aliyevuka na meli kutoka Ukerewe alisimama dirishani kwetu maabara, mkono wa shati keshaukunja. "Daktari, hiyo ya friji imekufa. Nitoe mimi, imfikie mpwa wangu ingali ya moto." Mpwa wake alikuwa amejifungua na damu haikati.

Neno hilo "imekufa" limenichosha; damu ya kuhifadhi haikuanza leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania mwaka 1936, majeruhi walikuwa mbali huko Aragon, wachangiaji wako mjini Barcelona. Daktari Frederic Durán-Jordà akakusanya damu ya kundi O, akaitia sitrati isigande, akachanganya ya watu kadhaa, akaifunga kwenye chupa za kioo na kuisafirisha kwa gari la ubaridi, kama haya yanayobeba minofu ya sangara hapa Mwanza. Kwa miezi 30 hivi alikusanya lita zipatazo 9,000. Jina "benki ya damu" lilitungwa Chicago, Marekani, mwaka 1937. Barcelona ilipoanguka mwaka 1939 alihamia Uingereza, ujuzi wake ukamfaa daktari Janet Vaughan aliyekuwa akiandaa bohari za damu London. Hakurudi, alifia Manchester mwaka 1957.

Kuchanganya vile leo hatuthubutu: mmoja akiwa na homa ya ini, zote zimeharibika.

Sasa friji. Letu lina nyuzi 2 hadi 6, na dawa iliyomo kwenye mfuko wa damu huitunza siku 35. Hospitali ya Mulago, Kampala, ng'ambo ya ziwa hili, watoto 290 wenye upungufu mkali wa damu waligawanywa: wengine walipewa ya siku 10 kushuka, wengine ya siku 25 hadi 35. Matokeo yakatoka mwaka 2015: iliyokaa haikuwa duni.

Nakiri, mzee ana pa kusimama. Chembe sahani, zinazoziba jeraha, hazidumu kwenye ubaridi ule, na mama anayevuja anazihitaji. Usiku kama ule huwa najiuliza kama ninachotoa kinatosha. Lakini ya moto, bila kupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende? Na undugu wenyewe una hatari yake: seli nyeupe za ndugu wa karibu zinaweza kufanana mno na za mgonjwa, mwili usizitambue kuwa ni ngeni, zikabaki na kuushambulia. Ni nadra, ila wanaopona ni wachache sana.

Tulimtoa mzee uniti moja, ikaenda kupimwa. Mpwa wake alipata mbili za friji. Alfajiri mzee alirudi dirishani, anauliza yake atapewa nani.