Je, wajua? Gesi ya dampo huweza kuingia nyumbani bila harufu yoyote

Pakitangazwa mpango wa kujenga dampo karibu na makazi au shule, hoja ya kwanza ya wakazi huwa harufu, kisha nzi na malori. Mwekezaji naye huja na jibu lake: taka zitafunikwa kila jioni kwa udongo wa sentimita 15, na dampo likijaa litafungwa juu kwa udongo wa mfinyanzi. Pande hizo mbili zinabishana, lakini zote zimeshika dhana moja isiyo sahihi, kwamba pua ndiyo kipimo cha hatari na kwamba gesi ya taka hupaa angani ikapotea.

Dhana hii ina mizizi. Mwaka 1979 wakazi wa mtaa mmoja wa Houston, Marekani, walikwenda mahakamani kupinga dampo karibu na shule ya sekondari, wakidai kwamba eneo lao limechaguliwa kwa ubaguzi wa rangi. Jaji alikiri kwamba haiingii akilini kuweka taka karibu hivyo na shule, tena shule isiyo na viyoyozi. Hata hivyo alikataa kuuzuia mradi, kwa kuwa nia ya ubaguzi haikuthibitishwa. Shule isiyo na viyoyozi hufungua madirisha na harufu huingia humo, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini gesi ina mlango mwingine, nao ni sakafu. Ikishapita hapo, dirisha lililo wazi ndilo linalookoa watu.

Tuanze na pua. Karibu nusu ya gesi ya dampo ni methani na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidioksidi, na zote mbili hazina harufu. Kinachonuka kama yai viza ni haidrojeni salfaidi, ambayo pamoja na viambato vingine vidogo kwa kawaida haifiki asilimia 1. Pua huigundua ikiwa sehemu chache tu katika bilioni, kwa hiyo uvundo unaweza kumfikia mtu mahali pasipo na hatari yoyote ya mlipuko. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: gesi ikipenya ndani ya udongo, viambato vinavyonuka huweza kunaswa njiani na methani ikaendelea na safari yake. Harufu bado ni kero halali, inaumiza kichwa na kuvuruga masomo. Ila kutokuwepo kwake si cheti cha usalama.

Kisha dhana ya kupaa. Methani ikiwa peke yake ni nyepesi, zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa hewa. Kabonidioksidi ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Zikichanganyika nusu kwa nusu, uzito wake unakaribia kuwa sawa na wa hewa, kwa hiyo hakuna kinachoilazimisha gesi hiyo iende juu. Hufuata njia iliyo rahisi. Fikiria sufuria inayochemka, mfuniko umebana na ubavuni pana tundu: mvuke utatokea ubavuni. Mfuniko wa dampo ni ule udongo wa mfinyanzi wa kufungia, ambao ukiwekwa bila mabomba ya kuvuta gesi huisukuma ipite pembeni. Mvua kubwa nayo hujaza maji vitundu vya udongo wa juu, mfuniko ukazidi kubana. Matundu ya ubavuni ni tabaka za mchanga, miamba yenye nyufa, migodi ya zamani, na mitaro ya mabomba na nyaya. Mitaro hiyo hujazwa mchanga au kokoto, kwa hiyo ni barabara iliyokwisha kuchimbwa hadi chini ya jiko na choo.

Sasa tufike kwenye jambo la ajabu kuliko yote: hali ya hewa. Chupa ya soda iliyofungwa inaonekana imetulia. Ukilegeza kizibo, mgandamizo wa ndani unashuka na gesi inafoka. Hewa iliyo juu ya ardhi ni kama kizibo hicho. Mgandamizo wake ukipanda, hewa husukumwa kuingia ardhini. Ukishuka ghafla dhoruba inapokaribia, gesi iliyo ardhini hutanuka na kutoka. Kijijini Loscoe, Uingereza, machimbo ya zamani ya kiwanda cha matofali yaligeuzwa dampo. Tarehe 24 Machi 1986 mgandamizo wa hewa ulishuka milibari 29 ndani ya saa 7. Gesi ikapita kwenye nyufa za miamba hadi chini ya nyumba ya jirani, ikalipuka, nyumba ikabomoka na watu watatu wakajeruhiwa.

Milibari 29 ni kama asilimia 3 tu ya mgandamizo wa kawaida. Lakini dampo lenye mita za ujazo 100,000 za gesi ndani ya taka, mgandamizo ukishuka asilimia 3, linatoa kama mita za ujazo 3,000 za ziada kwa saa chache. Methani huweza kulipuka kwa cheche ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Chumba cha mita za ujazo 30 hufika asilimia 5 kwa mita 1.5 za ujazo za methani, yaani takriban mita 3 za ujazo za gesi ya dampo.

Hapa ndipo vipimo vingi vinapokosea. Fundi anayepima asubuhi tulivu, mgandamizo ukiwa juu, anaweza kusoma sifuri kwa uaminifu kabisa. Kisima cha kupimia, yaani bomba lililoshushwa ardhini ili kupima gesi, ambacho sehemu yake yenye matundu imezama chini ya maji ya ardhini pia kitasoma sifuri. Na kipimo kinachofanya kazi kwa kuichoma gesi kinahitaji oksijeni. Kwenye kisima kilichojaa gesi tupu husoma chini kuliko hali halisi. Pale panatakiwa kipimo cha infraredi, kinachotumia miale isiyoonekana badala ya kuichoma gesi, kikisoma methani, kabonidioksidi na oksijeni kwa pamoja.

Kwa hiyo kwenye kikao cha maoni ya wananchi, ombeni kumbukumbu za mashimo ya uchunguzi: tabaka gani liko kina gani, maji yako wapi, nyufa zinaelekea wapi. Ombeni visima vya kupimia kati ya taka na nyumba, vishuke angalau hadi kina cha taka pale maji yanaporuhusu, na vipimwe pia mgandamizo unaposhuka. Muhimu zaidi, vipimwe kabla ya lori la kwanza. Vinamasi, maji taka na migodi pia hutoa methani, na pasipo kipimo cha mwanzo kila upande utaulaumu mwingine bila ushahidi. Kanuni za shirikisho za Marekani huweka kikomo cha asilimia 5 ya methani kwenye mpaka wa eneo na 1.25 ndani ya majengo ya dampo, na hutaka uangalizi wa miaka 30 baada ya kufungwa. Ulizeni fedha za miaka hiyo zitawekwa wapi, maana taka huendelea kutoa gesi miongo kadhaa.

Kuhusu magonjwa, semeni kwa uangalifu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2001, uliohusisha madampo 9,565, ulikuta ongezeko la takriban asilimia 1 la kasoro za kuzaliwa kwa wanaoishi ndani ya kilomita 2, na haukuthibitisha kwamba dampo ndilo chanzo. Mwenye mradi makini ataiangusha hoja hiyo. Ya gesi na miamba hataiangusha kirahisi.

Shule ina hatari yake ya pekee: likizo. Vyumba hukaa vimefungwa kwa wiki kadhaa, na chochote kinachopenya sakafuni hujikusanya. Ikiwa dampo litajengwa licha ya pingamizi, mabomba yanapoingilia sakafuni yazibwe, na kabla ya muhula kuanza kipimo kishushwe kwenye mashimo ya mabomba hayo, milango na madirisha yafunguliwe, kisha ndipo swichi ya taa iguswe.