Splita ya msumeno wa meza: ni nini, na ya kuongeza huchaguliwaje

Splita ni kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachosimama nyuma ya bledi ya msumeno wa meza, katika mstari mmoja nayo. Bledi ikishapasua mbao, splita inaingia kwenye mpasuo na kuzizuia zile pande mbili zisikutane tena. Kazi yake ni hiyo tu. Ni kitu kidogo, kinafichika kiganjani, na mashine nyingi za kuchana mbao huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mafinga na Makambako mpaka Uyole, hazina. Nyingine ziliundwa na fundi wa kuchomelea ambaye hakuiweka kabisa. Nyingine zilikuja nayo kutoka kiwandani, ikafunguliwa wiki ya kwanza, ikapotelea kwenye vumbi la mbao.

Tazama bledi inavyozunguka ndipo utaelewa kwa nini ina maana. Meno ya mbele, yanayokutana na mbao kwanza, yanashuka, hivyo yanaikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikiyabana au ikiyagusa hayo ya nyuma, yanainyanyua, yanaipandisha juu ya bledi na kuirusha upande uliosimama wewe. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda karibu mita 53 kwa sekunde, sawa na kilomita 190 kwa saa. Basi la Dar halifiki huko. Na kama mkono wako ulikuwa umeishika mbao nyuma ya bledi, unavutwa pamoja nayo kuelekea kwenye meno.

Mimi lilinikuta na mbao ya paina, mbili kwa nne, mbichi. Nilikuwa nimeshachana zaidi ya nusu. Mlio wa mota ukazama, ukawa mzito, moshi wenye harufu ya utomvu ukatoka kwenye mpasuo, nikasukuma kwa nguvu zaidi nikidhani bledi imekuwa butu. Sikuiona ikiondoka. Nilisikia shati likichanika ubavuni, kisha mlango wa bati nyuma yangu ukalia. Ule mlio wa mota kuzama, fundi mwenzangu, ukiusikia usisukume. Zima mashine, uishikilie mbao hapo hapo mpaka bledi isimame kabisa.

Mbao zetu zina tabia ya kufunga mpasuo kuliko nyingi. Paina ya shamba la miti la Sao Hill na ya mashamba ya watu binafsi Mufindi na Njombe mara nyingi hukatwa ikiwa bado changa, inapasuliwa kwa dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, na baada ya siku chache iko kwenye karakana ikiwa na maji tele. Tena miti mingi imeota kwenye miteremko. Mti wa paina ulioinama hujenga mbao nzito na ngumu kwenye upande wa chini wa mwinamo ili kujisimamisha, na sehemu hiyo hukaa na nguvu iliyojibana ndani yake. Mlingoti, yaani mkaratusi, nao hubeba mvutano mkubwa tangu ukiwa umesimama. Unapochana, unaifungulia nguvu hiyo. Wakati mwingine pande mbili zinaachana kama miguu ya koleo, na hapo hakuna shida. Wakati mwingine zinakumbatiana, na kilichopo katikati ni bledi.

Kuna njia ya pili ya mbao kurushwa ambayo wengi hawaijui: mbao inaachana kidogo na reli ya kuongozea, kona yake ya nyuma inasogea na kugusa meno yanayopanda. Hapo hata mbao kavu iliyotulia inarushwa. Splita inazuia hilo pia, kwa sababu inaisimamia mbao isiachane na reli.

Watu huichanganya splita na kisu cha nyuma kinachopanda na kushuka pamoja na bledi. Kisu hicho kimefungwa kwenye chuma kilekile kinachobeba bledi, kwa hiyo ukiinua bledi nacho kinainuka, ukiilaza nacho kinalala, na nafasi kati yao haibadiliki. Mwongozo wa usalama wa Uingereza unataka nafasi hiyo isizidi milimita 8 pale usawa wa meza. Ncha yake inaweza kukaa chini kidogo ya kilele cha bledi, hivyo hata ukichimba mfereji usiopenya mbao hukiondoi. Kama unanunua mashine mpya, tafuta yenye kisu hicho. Splita ya kuongeza ni ya mashine ambazo hazikukitengenezewa nafasi, na huku kwetu hizo ndizo nyingi.

Kwenye kuchagua, anza na unene, kabla ya bei na kabla ya jina la kampuni. Splita iwe nene kuliko bamba la bledi, na nyembamba kuliko upana wa meno. Bledi nyingi zimeandikwa ubavuni namba mbili, kwa mfano 3.2/2.2: ya kwanza ni upana wa mpasuo kwa milimita, ya pili ni unene wa bamba. Kwa bledi hiyo splita ya milimita 2.5 mpaka 2.8 inakaa vizuri. Namba zikiwa zimefutika, pima jino na bamba kwa kalipa, au chana kipande cha mbao na upime mpasuo wenyewe. Nimeona mafundi wakikata splita kutoka kwenye bledi kuukuu. Wazo si baya, lakini bamba hilo lina unene uleule wa bledi inayofanya kazi, kwa hiyo mpasuo unaweza kujifunga mpaka kuugusa ubavu wa bledi kabla splita haijabeba chochote. Ikiwa nene mno, nayo mbao inakwama katikati ya safari, kijana anakasirika, anaifungua. Bledi nyembamba zenye mpasuo wa kama milimita 2.4 zinataka splita yake. Ile MJ Splitter ya Micro Jig, kwa mfano, inauzwa kwa unene tofauti kwa sababu hiyo.

Halafu angalia inafungwaje. Zipo za chuma zinazofungwa kwa bolti nyuma ya bledi, ambazo ni imara, na nyingine huja na makucha yanayoing'ata mbao isirudi nyuma. Zipo ndogo zinazochomekwa kwenye kile kibamba cha mezani kinachoizunguka bledi. Hizi ni rahisi kuweka, hata kwenye meza iliyoundwa kwa kuchomelea, mradi utengeneze kibamba cha mbao ngumu kinachobana vizuri na kisichocheza. Udhaifu wake ni kwamba ukiilaza bledi huwezi kuitumia, maana yenyewe imesimama wima. Utahitaji kibamba kingine. Na ukishusha bledi chini, pengo kati yake na splita linaongezeka.

Mimi nachagua ile inayotoka na kurudi bila spana. Splita iliyosimama juu kuliko bledi lazima uitoe unapochimba mfereji wa mlango au wa droo, na ikihitaji spana mbili na kuinamia chini ya meza, haitarudi.

Ukishaifunga, zima umeme, weka rula ndefu iliyonyooka iguse meno upande wa reli, ya mbele na ya nyuma. Splita isiisukume rula na isikae mbali nayo kiasi cha kuonekana mwanga mpana. Ikipinda kuelekea kwenye reli, mbao itabanwa kati ya viwili hivyo.

Splita haizuii kidole kugusa bledi; hiyo ni kazi ya kofia inayoifunika bledi na kijiti cha kusukumia mbao. Na kabla mbao haijaifikia, haijakusaidia bado, kwa hiyo simama pembeni ya mstari wa bledi tangu mwanzo.

Kijana wangu wa karakana alinijia asubuhi moja. "Kamwene, fundi. Kile chuma nimekitoa jana nikichimba mifereji, sijui nimekiweka wapi." Tulikikuta kwenye gunia la maranda. Siku hiyo nilipiga msumari juu ya swichi ya mashine na kufunga kamba yenye kitanzi. Splita ikitoka mezani inaning'inia pale, mbele kabisa ya kitufe cha kuwashia, na ukitaka kuwasha ni lazima uisogeze kwa mkono.