Bajeti kupita sio hela kufika

Pale Mwanjelwa, Mbeya, utasikia watu wanabishana, eti bajeti imepita bungeni Juni kwahiyo hela ya barabara yetu ishafika, isipoonekana basi imeliwa. Hapana jamani. Bunge linatoa ruhusa ya kutumia tu, hela yenyewe inaingia kidogo kidogo mwaka mzima kuanzia 1 Julai, TRA (Mamlaka ya Mapato) wakikusanya kodi, mikopo na misaada ikija, inakaa Mfuko Mkuu wa Hazina na haitoki hivi hivi mpaka CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) aidhinishe, ndo Hazina wanaigawa. Makusanyo yakisuasua na mradi unasuasua. Kuliwa kupo sikatai, ila hilo katafute kwenye ripoti ya CAG, na diwani muulize vitu viwili: imetengwa shingapi, imepokelewa shingapi.