Bia ya kahawia: njugu ziko wapi?

Kila baada ya muda ujumbe huu hurudi kwenye magrupu ya simu hapa Mombasa: eti bia ya kahawia yenye ladha ya njugu imepikwa kwa njugu, na kadiri bia ilivyo nyeusi ndivyo inavyolevya.

Rangi hutoka kwenye kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa. Kiasi kidogo kikikaangwa zaidi hugeuza rangi ya pipa zima, na ladha ya njugu huzaliwa hapohapo. Simama karibu na muuza korosho anapokaanga. Harufu ile ni kazi ya moto. Hata ganda la mkate huwa na kitu kama hicho.

Kilevi hutokana na sukari inayoliwa na hamira. Anayetengeneza nyumbani hutumia kipimo cha kuelea, kinachoonyesha uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000; sukari huongeza uzito), kabla ya kutia hamira na baada ya kuchacha. Kikisoma 1.050 kisha 1.012, tofauti ni 0.038, zidisha kwa 131, upate karibu asilimia 5. Rangi haimo kwenye hesabu. Anayenunua ya chupa asome lebo.

Tunachanganyikiwa kwa sababu kahawa nyeusi tumezoea kuiita kali. Lakini tembo la mnazi ni jeupe kama maziwa, na nani amewahi kusema halilevi?

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali uishie kwako. Ila wapo watengenezaji wachache wanaotia njugu kweli, kwa hiyo mwenye mzio aulize kabla ya kuonja.