Mawimbi ya Aqua hayabandikwi: dhana potofu kuhusu kazi za Jeanne Gang

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye kiwanja Tegeta aliniwekea simu yake mezani. Kulikuwa na picha ya Aqua, lile ghorofa la Chicago ambalo roshani zake zinapinda kama maji yaliyopigwa na upepo. "Mwanangu," akaniuliza, "haya mawimbi unayabandika mwishoni, ukishamaliza kujenga?"

Si wa kwanza. Picha hiyo nimeletewa na wateja wengi, na karibu wote wanadhani Jeanne Gang, msanifu wa Kimarekani aliyelibuni ghorofa hilo, ni fundi wa urembo aliyepata bahati. Nimejibu kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naandika.

Eti mawimbi ni urembo

Hakuna kilichobandikwa pale. Unachokiona ni jamvi lenyewe, lile zege la sakafu ya kila ghorofa, limevuka kioo na kutoka nje likawa roshani. Aqua ilikamilika 2009, ina ghorofa 82 na urefu wa takriban mita 262, na ukingo wa jamvi hubadilika ghorofa hadi ghorofa. Mahali pengine umechomoza kidogo tu, pengine unafika kama mita 3.7. Ukishaingia ndani, jengo ni la mstatili wa kawaida kabisa: kioo kimenyooka, vyumba vimenyooka. Gang aligusa ukingo peke yake, na ukingo huo una kazi.

Kazi ya kwanza ni macho. Aqua imebanwa na maghorofa mengine, kwa hiyo alitafuta mianya iliyopo katikati yao, akasogeza jamvi nje pale ambapo mkazi akisimama ataona Ziwa Michigan au bustani ya Millennium Park. Ya pili ni kivuli: jamvi lililochomoza hukikinga na jua kioo kilicho chini yake.

Ya tatu ndiyo ninayotamani kila mteja aielewe. Upepo unapolipita ghorofa refu lenye kuta laini huacha mizunguko pembeni, mara upande huu, mara upande ule, kwa mpigo unaorudiarudia. Mpigo huo ndio unaoyumbisha jengo mpaka watu wa juu wanahisi kizunguzungu. Kingo zisizofanana huuvuruga kabla haujapata nguvu. Ndiyo sababu Aqua haikuhitaji ule uzito mkubwa wa kutuliza mtikisiko ambao majengo marefu mengi hufungiwa kileleni, na ndiyo sababu watu wanaweza kutumia roshani mpaka juu kabisa, katika mji wenye upepo kama Chicago.

Sisemi halina kasoro. Zege lililo ndani ya chumba ndilo hilohilo lililo nje kwenye baridi, na majira ya baridi linavuta joto la nyumba na kulitoa. Wataalamu wa majengo walimkosoa kwa hilo, na naona walikuwa na haki.

Tena umbo peke yake si dawa ya kila upepo. Kwenye ghorofa lake jingine Chicago, la St. Regis, lililokamilika 2020 likiwa na ghorofa 101 na mita 363, ghorofa ya 83 imeachwa wazi ili upepo upite katikati, na juu kuna matangi ya maji ya kutuliza mtikisiko. Hapo msanifu na mhandisi wa miundo walikaa meza moja tangu mwanzo. Ukimwita mhandisi baada ya ramani kukamilika, umechelewa. Hilo nitalisema mpaka nistaafu.

Eti aliibuka ghafla na Aqua

Ofisi yake, Studio Gang, aliifungua 1997, baada ya kusoma Illinois na Harvard na kufanya kazi Rotterdam, Uholanzi, kwenye ofisi ya msanifu mashuhuri Rem Koolhaas. Kabla ya Aqua alikuwa ameshajenga ukumbi wa maonyesho Rockford, jimbo la Illinois, ambao paa lake hufunguka kama petali za ua.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo: kituo cha jamii cha SOS Children's Villages, shirika la kulea watoto, upande wa kusini wa Chicago. Bajeti ilitegemea misaada, na zege lililopatikana lilikuwa la michanganyiko tofauti. Wengi wetu tungelificha kwa plasta na rangi. Yeye aliliacha lionekane, tabaka juu ya tabaka, ukuta ukatoka na mistari ya kupinda kama mwamba uliokatwa. Mteja anayeniambia hana hela za msanifu, namwonyesha ukuta huo.

Eti kilichopinda lazima kiwe ghali

Inategemea unapinda nini. Kwenye Aqua walitumia kingo za chuma zinazokunjika kufungia zege, wakazikunja upya kila ghorofa kwa vipimo vilivyotoka kwenye kompyuta. Kwenye Gilder Center ya jumba la makumbusho ya viumbe, New York, iliyofunguliwa 2023, zege lilipulizwa kwa bomba moja kwa moja juu ya nondo, bila mbao za kufungia. Ghali ni kupinda bila mpango.

Eti msanifu wa kisasa hubomoa

Beloit, Wisconsin, Gang alipewa kituo cha zamani cha umeme wa makaa ya mawe. Hakukibomoa. Kikawa jengo la michezo na mapumziko la wanafunzi wa chuo, na maji ya mto ulio jirani yanasaidia kulipoza na kulipasha joto.

Yule mama nilimpa kazi: asimame kiwanjani saa nne asubuhi na saa kumi jioni, aandike jua liko wapi, upepo unatoka wapi, na ghorofa la jirani linaziba nini. Amerudi na ukurasa mzima wa daftari. Jioni jua linampiga upande wa jikoni. Jamvi litachomoza hapo, mita moja na nusu.