Uvimbe wa tundu la jicho na sainasi: "sio kansa" maana yake nini?

Mtu akiambiwa uvimbe wake ni benaini anachosikia ni "sio kansa", basi anapanda daladala anarudi zake Mbagala roho nyeupe. Ni kweli sio kansa, maana hausambai kwenda kwenye mapafu wala ini, unakaa palepale ulipoanzia. Ila hakuna aliyesema utakaa kwa adabu.

Tundu la jicho la mtu mzima ujazo wake ni kama mililita 30 hivi, hata kikombe cha kahawa cha wazee wa kijiweni ni kikubwa, na humo limo jicho, misuli ya kuligeuza, mafuta, na mshipa wa fahamu wa kuonea. Pembeni kote ni mfupa, mbele tu ndo wazi. Sasa kitu kikianza kuota nyuma, mfano hemanjioma, lile fungu la vimishipa vya damu ambalo huwapata zaidi watu wa makamo, jicho linasukumwa nje polepole mpaka mwenyewe hagundui, ndo maana daktari anaweza kukuomba picha ya zamani alinganishe (ile ya NIDA sijui kama itasaidia, maana pale kila mtu kavimba).

Kwenye sainasi, yaani yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso kuzunguka pua, kuna osteoma, yaani mfupa umeota juu ya mfupa, hasa sainasi ya kwenye paji la uso. Wengi wanaishi nayo bila kujua, inakuja kuonekana kwenye siti skani baada ya ajali ya bodaboda. Kama haizibi njia ya makamasi wala haikui inaachwa, inafuatiliwa tu.

Msumbufu ni papiloma, uvimbe unaoota kwenye utando wa ndani ya pua na sainasi, ile inayokua kwa kujikunja kwenda ndani. Inaziba pua upande mmoja, ukiichungulia utasema ni vinyama vya puani vya kawaida, lakini ikiachwa shina inarudi, na chache hugeuka kansa kabisa. Kwa hiyo pua ikiziba upande mmoja tu miezi na miezi, hapo kinakatwa kipande kinapelekwa maabara.

Halafu kati ya sainasi na jicho kuna kiukuta chembamba mno, jina lake la Kilatini linakifananisha na karatasi ya mafunjo. Uvimbe wa puani unaweza kukisukuma ukatokezea kwenye jicho, ndo unakuta mgonjwa kafika Muhimbili kwa ajili ya jicho, anaambiwa aende kwa madaktari wa masikio, pua na koo, anaanza kulalamika anazungushwa.