Darasa la kwanza sio la kujifunzia ualimu

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa mtu aliyesomea ualimu kabisa: "huyo bado mgeni, mpeni darasa la kwanza azoeezoee, a e i o u itamshinda nini?" Nimechoka nayo. Mi nafundisha madarasa ya chini huku Chamwino, Dodoma, walimu wa ajira mpya wakiripoti wengi wanaanzia kukaa na mimi, na leo naliandika lote maana kwenye kikao likianza tu watu wanakumbuka chai.

Kwanza tuseme ukweli kwa nini mgeni anapelekwa huko. Darasa la nne kuna upimaji wa taifa, la saba kuna mtihani wa kumaliza, na shule inasifiwa au inasemwa kwa matokeo hayo mawili. Kwa hiyo mkuu wa shule anawapanga huko walimu anaowaamini, na la kwanza linachukuliwa na aliyebaki. Nawaelewa wakuu, wanabanwa na kata, kata inabanwa na wilaya. Ila basi tuseme hivyo hivyo, tusiseme ni rahisi. Yule mtoto anayefika la nne hajui kusoma jina lake, mnayemuanzishia masomo ya jioni mwezi wa nane upimaji ukikaribia, alipotelea wapi? Alipotelea la kwanza, mbele ya mtu ambaye hakuna aliyemwonyesha kazi.

Halafu angalia hesabu. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamejaa, jambo ambalo mi nalifurahia kabisa, lakini kwenye shule za vijijini chumba kimoja chenye watoto mia moja sio kitu cha kushangaza mtu. Kipindi cha madarasa haya ni dakika 30. Gawanya mwenyewe, ni sekunde 18 kwa mtoto, hapo hujafuta ubao, hujaamua ugomvi wa penseli, hujampeleka mtu chooni. Na humo ndani kuna aliyepita darasa la awali na kuna ambaye hata shule shikizi, yaani ile ndogo ya karibu na kitongoji, ilikuwa mbali kwa hiyo penseli anaishika leo kwa mara ya kwanza.

Kushika penseli, mtoto wa mkono wa kushoto (usimlazimishe kulia, tafadhali), mistari ya daftari, uji, hayo utayajua ndani ya mwezi. Sikai hapo.

Ninapotaka kukaa ni kwenye kuitikia, maana hapa ndo wageni wote wanadanganyika, na wenyeji pia. Ticha anaandika ba be bi bo bu, anapiga fimbo ubaoni, darasa zima linapaza sauti mpaka watu wa barabarani wanasikia, anaona kazi imeisha, kesho anaruka kwenye da de di do du. Mkuu akipita dirishani anafurahi. Sasa fanya hivi. Andika bo peke yake, pembeni kabisa, mwite mtoto mmoja. Usiangalie mdomo, angalia macho. Macho yatakuja usoni kwako au yataenda darini, na ukitega sikio utamsikia anaanza chini chini, ba, be, bi, ndo anafika bo. Huyo hasomi. Huyo ana wimbo kichwani na anauhesabu mpaka aifikie sehemu uliyoomba. Changanya mpangilio, bi, bu, ba, anakwama.

Na ile sauti kubwa inatoka wapi kama hawajui? Toka mbele, nenda simama nyuma ya darasa wakati wanaitikia. Utasikia wachache wanaoongoza, wale waliopita awali au wana dada wa darasa la tatu nyumbani, halafu kundi kubwa linafuata nyuma yao kidogo tu, linadaka mwisho wa neno. Ukisimama ubaoni hulisikii hilo maana sauti zinakufikia zimechanganyika, kwa hiyo mgeni anayefundisha mwaka mzima akiwa mbele anaweza kumaliza mwaka akiamini darasa linajua.

Wengine wanasoma picha. Kuna picha ya ng'ombe, chini pameandikwa baba anakamua maziwa, mtoto anakwambia "ng'ombe" bila wasiwasi. Funika picha na kiganja uone.

Kuna mtego wa tatu ambao unaniumiza zaidi kwa sababu unakuja ukiwa umefanya kazi vizuri. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazishika silabi kweli kweli anaweza kusoma karibu neno lolote. Atakusomea "mashua inaelea baharini" bila kujikwaa hata kidogo. Muulize mashua ni nini. Amezaliwa Dodoma, nyumbani wanaongea Kigogo, bahari hajawahi kuiona, na Kiswahili chenyewe anakutana nacho kwa uzito kwako. Anayepima kusoma kwa kusikiliza matamshi tu atampa vema.

Hapo ndo na mimi nina mashaka yangu na nayasema. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, hilo linajulikana. Lakini wiki za mwanzo naruhusu mtoto anayeelewa amweleze mwenzake kwa Kigogo, na nawaona wanatulia, wanathubutu kujibu. Je, nawachelewesha Kiswahili? Kuna siku naamini hapana, kuna siku nasita. Vile vile hii ya kuanza na sauti moja moja kabla ya silabi. Tunaelekezwa tutamke sauti ya b halafu a halafu tuunganishe, vizuri, ila b peke yake huwezi kuitamka bila kuvuta irabu kidogo nyuma yake, mtoto anaunganisha anapata "bua". Wengine wanavuka, wengine silabi nzima inawaingia haraka zaidi. Natumia zote mbili na sijatulia bado.

Msimu nao. Shule zinafunguliwa Januari, mvua ya kwetu ni moja tu kwa mwaka na ndo iko katikati, chakula ghalani kimepungua, watu wako shambani. Uwele na mtama vikianza kukomaa watoto wanakwenda kuamia ndege. Darasa la tano akikosa wiki anaazima daftari. La kwanza akikosa wiki mlikuwa ma me mi mo mu, anarudi mko mba mbe mbi, na hana daftari la mtu la kuazima maana hajui kulisoma. Mtafute, usimsubiri.

Kwa hiyo ajira mpya unayeripoti, usianze na manila za rangi. Omba maboksi dukani, kata kadi, silabi moja kila kadi, zichanganye. Chukua daftari, andika majina ya watoto wote, kila siku watoto wa safu moja au mbili wakusomee kadi hizo, mmoja mmoja, wengine wakiandika kwa kidole kwenye mchanga hapo nje, mchanga tunao. Weka alama nani kasoma nini. Baada ya wiki kadhaa utakuwa na kitu ambacho hata afisa elimu kata hana. Na Juni mkuu akikuita kwamba umeshazoea, sasa uhamie la tatu, nenda na hilo daftari ofisini, mwonyeshe majina ya ambao bado hawajafika silabi za ba, na muulize anayekuja kukupokea ameshawahi kulifundisha hili darasa au na yeye anakuja kuzoea.